Kiingereza Pekee Hakitoshi Kumfundisha Mtoto wa Moshi

Wageni wengi kutoka nje wanaokwenda Moshi au Arusha, Tanzania, kujitolea kuwafundisha watoto wa familia maskini huamini kuwa Kiingereza chao kinatosha. Hakitoshi. Shule za msingi za serikali Tanzania hufundisha kwa Kiswahili. Kiingereza huwa lugha ya kufundishia kuanzia kidato cha kwanza. Mtoto wa darasa la tatu akifundishwa kugawanya kwa Kiingereza hukariri sauti tu. Mgeni akiuliza kama wameelewa, darasa zima huitikia ndiyo, kwa heshima.

Anza kwa kupima, mtoto mmoja mmoja, kwa Kiswahili: asome silabi, kisha maneno, kisha aya fupi. Anapokwama ndipo pa kuanzia, hata akiwa darasa la tano. Wapange kwa uwezo, sita hadi wanane kwa kundi, na mwalimu wa pale awepo tangu siku ya kwanza ili aendelee ukiondoka. Wiki mbili ni chache mno. Watoto wanakuzoea, unaondoka, anakuja mwingine anaanza tena na herufi A. Hilo huwaumiza kuliko kukosa mgeni kabisa.

Viza ya utalii nayo hairuhusu kazi hii: kunahitajika kibali cha ukaazi daraja C, ambacho ndicho cha wanaojitolea.