Je, Wajua Kwa Nini Mchoraji Anayejifundisha Mwenyewe Huweka Macho Juu Mno?

Mwombe mtu ambaye hakusomea uchoraji akuchoree kichwa cha binadamu kinachotazama mbele, kisha chukua rula upime. Aghalabu utakuta macho yamepanda karibu na theluthi ya juu ya kichwa, paji la uso limekuwa ukanda mwembamba, na nywele zimebandikwa juu yake kama kawa juu ya chakula. Kumbe kwa mtu mzima macho hukaa katikati: umbali wa kutoka utosini hadi machoni ni sawa, au karibu sawa kabisa, na ule wa kutoka machoni hadi kwenye ncha ya kidevu. Nilipolisikia jambo hili kwa mara ya kwanza sikulisadiki, nikasimama mbele ya kioo nikiwa na penseli mkononi, nikajipima mwenyewe mara tatu kabla ya kukubali.

Kosa hili si la mtu mmoja mmoja mwenye mkono mzito. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Ujerumani, Claus-Christian Carbon na Benedikt Wirth, walichapisha matokeo ya majaribio ambamo washiriki waliombwa wachore uso wa kawaida wa binadamu kwa kumbukumbu, na katika jaribio jingine wakawekewa uso mbele yao waunakili. Katika hali zote mbili macho yalipandishwa juu kuliko yanavyokaa kweli. Lililonishangaza zaidi ni kwamba hata michoro ya nyuso iliyokuwa imechapishwa katika makala za wataalamu mashuhuri wa utambuzi wa nyuso ilikuwa na kosa hilohilo. Basi mtu anayejifunza peke yake nyumbani, akiwa na boksi la rangi na picha ya simu, hana sababu ya kuona aibu.

Sababu iliyo wazi zaidi ni kwamba mkono hutoa nafasi kubwa kwa kile ambacho moyo unakitazama. Habari zote tunazozitafuta kwa mtu, kama amefurahi, amechoka, anasema kweli au anaficha jambo, zimo kati ya nyusi na kidevu. Katika miaka ya 1950 na 1960 mtafiti wa Kisovieti Alfred Yarbus alirekodi jinsi macho ya watu yanavyotembea juu ya picha, na walipotazama picha ya uso, mtazamo wao ulirudi tena na tena kwenye macho na mdomo, huku sehemu ya juu ya kichwa ikipitiwa kwa nadra. Mchoraji mchanga naye hufanya vivyo hivyo: huanza na macho, akayachora kwa mapenzi, akashuka puani na mdomoni, kisha akajikuta amebakiwa na nafasi ndogo juu, ambamo anaibana fuvu nzima. Juu ya hayo, sehemu ya juu ya paji na utosi hupinda kuelekea nyuma, kwa hiyo tunapoongea na mtu uso kwa uso hatuioni vizuri. Na kwetu kuna jambo la ziada, kwamba kofia, kilemba na mtandio huuficha utosi kabisa, na anayeanza hudhani kuwa kofia imechukua mahali pa fuvu, ilhali kofia imekalia fuvu, nayo fuvu ina kimo chake chini ya kitambaa.

Anayetaka uthibitisho wa hesabu ataupata katika vipimo vya kale. Vitruvius, mjenzi wa Kirumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliandika kwamba kichwa, kutoka kidevuni hadi utosini, ni sehemu moja ya nane ya urefu wa mtu, na kwamba uso, kutoka kidevuni hadi nywele zinapoanzia, ni sehemu moja ya kumi. Leonardo da Vinci alivirudia vipimo hivyo mnamo mwaka 1490, katika maandishi yanayouzunguka mchoro wake wa mtu aliyesimama ndani ya duara na mraba, ambao umehifadhiwa Venice. Tuseme basi mtu ana urefu wa sentimita 160. Kichwa chake ni sentimita 20 na uso wake ni sentimita 16, hivyo zinabaki sentimita 4 juu ya mwanzo wa nywele, na hizo ndizo tunazozisahau. Uso wenyewe waliugawa mafungu matatu yaliyo sawa: kidevu hadi chini ya pua, chini ya pua hadi nyusi, na nyusi hadi nywele, kila fungu likiwa sentimita 5 na ushei. Ukiteremka kutoka utosini, utapita zile 4, kisha fungu la paji, nawe utafika kwenye nyusi baada ya sentimita 9 na ushei. Macho yako chini kidogo tu ya nyusi, yaani palepale penye 10, nusu ya 20.

Lakini kwa nini kosa la sentimita mbili au tatu liharibu sura nzima, wakati jicho lenyewe limechorwa vizuri? Hapa ndipo mimi binafsi nilipoteseka. Kwa wiki tatu nilikuwa nikipaka picha ya bibi yangu aliyefariki, kwa rangi za akriliki, nikiitazama picha yake ya zamani iliyopigwa studio. Jicho la kushoto nililirudia hata nikapata ule unyevu mdogo kwenye ukingo wa kope la chini, na nukta ya mwanga kwenye mboni. Shangazi yangu alikuja, akaitazama picha kwa muda mrefu, akasema kwa upole, "Mwanangu, jicho zuri, ila huyu siye mama." Nilidhani kasoro iko kwenye rangi ya ngozi, nikaongeza kahawia iliyokolea na chembe ya buluu kwenye vivuli vya mashavu, na bado hakuwa yeye.

Ukweli ni kwamba hatumtambui mtu kwa kuhesabu jicho, pua na mdomo kimoja kimoja, bali kwa umbali ulioko baina yao, vikichukuliwa vyote kwa pamoja. Mwaka 1980 Peter Thompson wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, alilionyesha hili kwa picha ya Margaret Thatcher, ambamo aliyakata macho na mdomo akavibandika juu chini. Picha nzima ikigeuzwa kichwa chini, mtazamaji haoni kitu cha ajabu, lakini ikisimamishwa wima uso unatisha. Uso uliogeuzwa hukoma kuwa uso machoni petu, na hubaki maumbo tu. Kwa mchoraji hiyo ni dawa, kwa sababu maumbo ndiyo tunayoweza kuyapima bila moyo kuingilia kati. Leonardo aliwashauri wachoraji waitazame kazi yao kwenye kioo kwa sababu inayokaribia hiyo, yaani kazi iliyogeuzwa huonekana kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Usiku ule niliigeuza turubai kichwa chini, na picha ya bibi kando yake, nayo kichwa chini. Ndipo nikaona kuwa mtandio wake kwenye picha ulikuwa mpana na mzito, na kwenye turubai ulikuwa utepe. Nilipima. Kwenye picha, kutoka utosini hadi kidevuni palikuwa na sentimita 8, na macho yalikuwa kwenye 4. Kwenye turubai kichwa kilikuwa na sentimita 24, nami nilikuwa nimeyaweka macho kwenye 9.

Tangu hapo sianzi na macho. Naweka alama mbili kwanza, ya utosi na ya kidevu, nikikumbuka kuacha unene wa nywele au kitambaa nje ya alama ya utosi, kisha nachora mstari mwepesi katikati. Mtu akiwa amekaa mbele yangu, nanyoosha mkono bila kukunja kiwiko, nafumba jicho moja, na kupima kwa penseli na kidole gumba. Kipimo hiki kina mipaka yake. Mtoto mchanga macho yake yako chini ya nusu, kwa kuwa fuvu yake imekua kuliko taya. Mtu akiinamisha kichwa mstari hushuka, akikiinua hupanda. Na picha ya simu iliyopigwa kwa karibu mno hukuza pua na kuyavuta masikio nyuma, kwa hiyo ni heri kusogea nyuma hatua kadhaa kabla ya kuipiga.

Mtaani kwetu yupo fundi anayechora vichwa kwenye kuta za vinyozi, ambaye hakuwahi kusoma shule ya sanaa, na vichwa vyake vina kimo sahihi. Nadhani ni kwa sababu mteja wake anataka kuona mkato wa nywele, hivyo fundi huanzia kule juu ambako sisi wengine hatutazami.

Macho ya bibi niliyafunika kwa rangi ya ngozi, nikayachora upya sentimita 3 chini. Mwanga wa jioni ukiingia dirishani kwa ubavu, yale ya kwanza bado yanaonekana kwenye paji lake la uso, kama vituta viwili vidogo chini ya rangi.