Mwanao akiombwa kushiriki utafiti wa VVU

Wazazi huniuliza swali moja kuliko mengine yote, tena kwa sauti ya chini, mkutano ukiwa umeshakwisha na watu wanaondoka: "Mwanangu akiwaambia kwamba ameshaanza mapenzi, mtaniambia?" Huwa najibu kwamba hapana, sisi watafiti hatutakuambia. Wengi hawafurahi, na ninawaelewa. Mtoto ni wako, umemlea, kisha mgeni mwenye kishikwambi anakuja kujua habari zake ambazo wewe huzijui. Naomba nieleze kwa nini tunalishikilia jibu hilo, kwa mifano ya kusini mwa Afrika, ukanda uliobeba mzigo mzito wa VVU kuliko mwingine wowote duniani.

Kati ya mwaka 2009 na 2012, wanawake 5,029 wa Afrika Kusini, Zimbabwe na Uganda walishiriki utafiti ulioitwa VOICE, uliojaribu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Wakati wa kuanza, hakuna aliyekuwa na VVU. Baadhi walipewa vidonge vya kumeza kila siku, baadhi jeli ya kupaka ukeni, na wengine walipewa vidonge au jeli isiyo na dawa ili matokeo yalinganishwe. Kila mwezi walifika kliniki, wakahojiwa, wakarudisha dawa zilizobaki zikahesabiwa. Kwa maelezo yao na kwa hesabu hiyo, karibu dozi tisa katika kila kumi zilikuwa zimetumika. Ilipopimwa damu, dawa ilionekana katika chini ya theluthi moja ya sampuli. Waliotumia kidogo kabisa ni wasichana wasioolewa wenye umri wa chini ya miaka 25, na hao hao ndio walioambukizwa zaidi.

Nimewahi kusikia watu wazima wakisema matokeo hayo yanaonyesha kwamba mabinti ni waongo. Siafiki hata kidogo. Watafiti walirudi kwa baadhi ya washiriki, wakawaonyesha majibu ya damu zao wenyewe, wakawauliza kwa upole nini kilitokea, na maelezo yakaanza kutoka. Wapo waliohofia madhara ya kumeza dawa ilhali si wagonjwa. Wengine walikuwa wamesikia maneno ya kutisha wakisubiri foleni pale pale kliniki. Wengi walijua kwamba mtu akionekana na kopo lenye vidonge vinavyolia ndani, nyumba nzima itaamini ana UKIMWI, na mwenzi wake atauliza umeupata wapi. Kwa nini basi hawakusema tangu mwanzo? Kwa sababu aliyekuwa akiwauliza ni yule yule aliyewapa dawa, akiwa na kalamu mkononi, na binti aliyelelewa kwa heshima hamwambii mtu mzima "sikufanya ulichoniagiza".

Hapo ndipo siri inapokuwa suala la sayansi, mbali na kuwa suala la adabu. Mtoto akihisi neno lake litamfikia mama, mwalimu, mchungaji au sheikh, atatupa jibu la kutufurahisha. Jibu hilo litaingia kwenye takwimu, takwimu zitaingia kwenye mpango wa wizara, na fedha zitakwenda kutibu tatizo ambalo halipo huku lililopo likiachwa. Ndiyo maana tafiti nyingi siku hizi humpa kijana kishikwambi na visikilizio: anasikia swali peke yake na kubonyeza jibu bila kutazamana na mtu.

Sheria nayo inaweza kuziba mdomo. Afrika Kusini, mtoto wa miaka 12 anaruhusiwa kupima VVU kwa ridhaa yake mwenyewe. Lakini kwa miaka kadhaa sheria ya makosa ya kujamiiana iliwafanya wahalifu hata vijana wawili wa rika moja, wenye miaka 12 hadi 15, waliobusiana kwa hiari, na kila aliyejua alipaswa kutoa taarifa polisi. Hebu fikiri muuguzi au mtafiti angeuliza nini, na mtoto angejibu nini. Mwezi Oktoba 2013 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba vipengele hivyo vinawadhuru watoto wale wale vilivyodai kuwalinda, na Bunge likarekebisha sheria mwaka 2015. Kwetu Tanzania, mwaka 2019 umri wa kupima VVU bila idhini ya mzazi ulishushwa kutoka miaka 18 hadi 15. Kupima, hata hivyo, ni jambo moja na kushiriki utafiti ni jambo jingine. Kwa utafiti wa walio chini ya miaka 18, saini ya mzazi kwa kawaida bado inahitajika, na ndiyo sababu naandika haya.

Kuna mfano mmoja ninaoupenda sana, kwa kuwa unaonyesha tunavyoweza kujifunza jambo zito bila kumfichua mtu. Huko Vulindlela na Edendale, jimboni KwaZulu-Natal, maelfu ya watu walitoa damu, na wataalamu wakasoma vinasaba vya virusi vya waliokuwa na VVU. Virusi vinavyofanana sana huwa vimetoka karibu. Kwa njia hiyo pekee huwezi kuapa kwamba fulani alimwambukiza fulani, lakini ukiwa na watu wengi picha ya jamii nzima hujitokeza. Matokeo yalitoka mwaka 2017: wanawake wa chini ya miaka 25 walihusishwa na wanaume waliowazidi umri kwa wastani wa karibu miaka tisa, na wanaume hao nao walihusishwa na wanawake wa umri wao. Mzunguko ukaonekana wazi. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu ambaye hajapima ni sehemu ya habari ya binti wa miaka 18. Kwa hiyo kumkemea binti peke yake, kama tulivyozoea, kunamwacha nje mwenye mchango mkubwa zaidi.

Kumfundisha darasani pia hakutoshi. Mradi wa Mema kwa Vijana mkoani Mwanza ulipotathminiwa, vijana walikuwa na ujuzi mzuri kuliko wenzao wa vijiji vya kulinganisha, lakini maambukizi ya VVU hayakupungua. Iliumiza, nasi tulio kwenye kazi hii tulilazimika kuyakubali matokeo hayo.

Kilichofaa kimekuwa ni kumweka kijana mwenyewe katikati. Mjini Harare, mwaka 2004, kilianza kikundi cha vijana wanaoishi na VVU kiitwacho Zvandiri, neno la Kishona lenye maana ya "kama nilivyo". Wengi walizaliwa na virusi, wakakua na vidonge wasivyoelezwa ni vya nini. Vijana wenye VVU waliofunzwa huwatembelea wenzao majumbani, huwakumbusha dawa na husikiliza. Mpango huo ulipopimwa katika wilaya za Bindura na Shamva kwa vijana 500 wa miaka 13 hadi 19, baada ya takribani miaka miwili waliokuwa na virusi vingi mwilini au waliofariki walikuwa asilimia 25 kwa waliotembelewa na asilimia 36 kwa waliopata huduma ya kawaida ya kliniki.

Kisha mwaka 2024 yakaja matokeo ya PURPOSE 1, utafiti uliofanyika Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25. Kati ya 2,134 waliodungwa sindano ya lenacapavir, dawa ya kuzuia VVU, mara mbili kwa mwaka, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa VVU. Sindano haina kopo la kuficha wala kidonge cha kuhesabiwa. Kilio cha mabinti wa VOICE kilikuwa kimesikika. Na wenye miaka 16 na 17 walikuwemo tangu mwanzo, kwa hiyo hawakulazimika kungoja miaka mingine dawa ijaribiwe kwa watu wazima kwanza.

Sasa, fomu ikiletwa kwako, isome taratibu au omba usomewe kwa lugha unayoielewa, na ubaki na nakala. Hakikisha imeandika namba ya simu ya bodi ya maadili, yaani chombo kinacholinda haki za washiriki wa utafiti, si ya watafiti tu. Uliza damu itahifadhiwa muda gani na kwa kazi gani. Uliza mahojiano yatafanyika wapi. Sebuleni kwa jirani kwenye pazia jembamba hapafai. Uliza pia mtoto akikutwa na VVU ataanzishiwa dawa wapi, na nani atamsindikiza. Uliza siri inaishia wapi, maana ina mpaka: mtoto akisema anabakwa au anapigwa, tunawajibika kumtafutia msaada, na tunamweleza hivyo kabla hajajibu swali la kwanza.

Baada ya saini yako ataulizwa yeye mwenyewe, bila wewe kuwepo. Akikataa, hashiriki, hata kama ulishasaini, na kliniki itaendelea kumhudumia kama kawaida.