Ile meseji ya ngazi za ngome inarudi tena

Jamani ile meseji imerudi kwenye magrupu, eti ngazi za mzunguko kwenye ngome za Wanormani (watu wa Normandy, Ufaransa, walioiteka Uingereza zamani) kule Uingereza zote zinapanda kwa kuzungukia kulia ili adui anayepanda akwame kuzungusha upanga kwa mkono wa kulia, eti nguzo ya katikati inamzuia. Inavutia kweli, hata mimi niliwahi kuiforwadi, ila sio hivyo.

Ukienda ngome kama Hedingham kule Essex, iliyojengwa karibu 1140, utaona ulinzi wenyewe uko wapi: kuta zina unene wa mita tatu na zaidi, na mlango uko ghorofani, sio chini. Adui akishafika kwenye ngazi si ameshaingia ndani, hapo mmeshachelewa!

Kucheki ni rahisi tu, ukipanda angalia ile nguzo ya katikati iko mkono gani, ikiwa kushoto basi ngazi inazungukia kushoto, na ngome zenye ngazi hizo zipo kibao. Watu wanachanganyikiwa kwa sababu za kulia ni nyingi kweli na hadithi ya upanga, iliyoenea tangu maandishi ya 1902, inaingia akilini haraka. Ikikufikia usiipeleke mbele, mwambie tu aliyeituma taratibu.