Mteja wa zamani hana cha kudai? Dhana potofu kuhusu bando, laini za bili na simu za mkopo

Mtu akikaa na laini moja miaka kumi hujiona kama mpangaji wa muda mrefu: anategemea mwenye nyumba amfikirie. Akija kusikia jirani yake aliyesajili laini wiki iliyopita anapata dakika nyingi kwa hela ileile, anakasirika, kisha kesho yake asubuhi ananunua bando lilelile. Hapa Dodoma hali hii ipo kwa wafanyakazi wa ofisi za serikali za Mtumba, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na wafanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa. Mteja wa zamani ana nguvu, ila anazitumia mahali pasipofaa. Nyingi ya dhana zifuatazo ndizo zinazompoteza.

"Natumia vocha, sina mkataba, kwa hiyo sina cha kudai"

Kila unapobonyeza kujiunga na kifurushi unaingia mkataba mdogo wenye kiasi, muda na bei. Tangu mwaka 2021 mikataba hiyo ina kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na ni vizuri kuzijua kama unavyojua bei ya unga. Kifurushi kikishawekwa sokoni hakitakiwi kuondolewa au kubadilishwa kabla ya miezi mitatu. Mtandao unapaswa kukutaarifu matumizi yanapofika asilimia 75, na tena yanapofika asilimia 100. Ukinunua kifurushi kilekile kabla muda haujaisha, kilichobaki kinaungana na kipya. Unaweza kumhamishia data mtu mwingine wa mtandao huohuo. Na bando likiisha, salio la kawaida halipaswi kuendelea kuliwa na intaneti bila ridhaa yako.

Hilo la mwisho ndilo linalowaumiza wengi. Umeweka vocha ya 5,000 jioni, umelala, asubuhi unakuta 300. Usiishie kulalamika kwenye kundi la WhatsApp. Piga picha ya skrini inayoonyesha ujumbe wa bando kuisha na saa yake, piga 100, namba ya huduma kwa wateja, taja saa na kiasi kilichokatwa, uliza kama ridhaa yako ya kutumia intaneti nje ya kifurushi imewashwa na iliwashwa lini, kisha omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Bila namba hiyo, kila ukipiga unaanza upya na mtu mwingine. Wasipokusikiliza, TCRA wana ofisi ya Kanda ya Kati hapahapa Dodoma. Watakachokuuliza kwanza ni kama ulianza kwa mtoa huduma, na namba ile ndiyo jibu.

"Ukipiga 100 ukawa mkali, wanakushushia bei"

Anayepokea simu hana uwezo wa kushusha bei ya bando. Bei ya kila kifurushi ina VAT na ushuru wa bidhaa ndani yake, na imeshaingizwa kwenye mfumo. Ukimtukana unapoteza dakika zako na msaada ambao angeweza kukupa.

Msaada wenyewe ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwambie akutajie huduma zote za nyongeza zilizounganishwa kwenye laini yako: miito ya wimbo, jumbe za michezo, mahubiri, mapenzi, chemsha bongo. Nyingi zilijiunga siku mtoto alipochezea simu, au uliposukuma tangazo ili lipotee. Huduma inayokata shilingi 100 kila siku inakula 3,000 kwa mwezi. Omba zifungwe zote, subiri ujumbe wa uthibitisho wa kila moja, halafu uliza pia kama una bando linalojinunua lenyewe. Kwa laini nyingi akiba ya kwanza hupatikana hapa, kabla hata ya kugusa bei ya kifurushi.

Kinachoamua ofa unazopata ni mfumo unaosoma manunuzi yako. Ndiyo maana kwenye menyu za vifurushi kuna sehemu yenye jina kama "ya kwako tu" au "ofa maalumu", na simu mbili zilizokaa meza moja zinaonyesha vitu tofauti. Anayenunua bando la 1,000 kila siku saa moja asubuhi bila kukosa ameshauambia mfumo kwamba hahitaji kubembelezwa. Pitia sehemu hiyo kwanza kabla ya kununua bando la kawaida. Ukiwa na laini mbili, hamishia matumizi kwenye ile ya pili kwa wiki moja au mbili, uone kama ya kwanza itaanza kukutumia ofa. Hakuna anayeweza kukuahidi kiasi, lakini kwa mtu wa vocha ukimya ndio ulimi wa kujadili bei.

"Bando kubwa siku zote ni nafuu"

Hapa panahitaji kalamu. Gawanya bei kwa MB ulizotumia kweli, siyo kwa MB zilizoandikwa kwenye ofa. Chukua mfano wa mama lishe wa Sabasaba. Tuseme bando lake la siku ni shilingi 1,000 kwa MB 400. Kwenye karatasi ni shilingi 2.50 kwa MB. Lakini hutumia MB 250 tu kwa siku, zinazobaki zinaisha usiku. Bei yake halisi ni shilingi 4 kwa MB, na kwa siku 30 ametoa 30,000 kwa MB 7,500. Akipata bando la mwezi la GB 8 kwa 25,000, yaani MB 8,192, linamtosha na anabakiza 5,000. Akishawishika kuchukua la GB 20 kwa 45,000, kila MB kwenye tangazo ni rahisi zaidi, naye anatoa 15,000 zaidi ya zile 30,000 za mwanzo kila mwezi.

Kipimo cha kushika kichwani ni hiki: mwaka 2021 TCRA iliweka bei elekezi ya data ndani ya kifurushi kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa MB. Kwa GB moja ya MB 1,024 hiyo ni kama 2,080 hadi 9,575. Ukiona unalipa karibu na kile cha juu, una sababu ya kutafuta kwingine.

Matumizi yako halisi yamo kwenye simu yenyewe, upande wa mipangilio, sehemu ya matumizi ya data. Weka mzunguko uanze tarehe mosi, acha mwezi upite, andika. Usikadirie.

"Kupiga mtandao mwingine lazima kuwe ghali"

Ilikuwa kweli. Kabla ya Machi 2013 mtandao ulilipa mwenzake zaidi ya shilingi 100 kwa kila dakika iliyoingia kwake. Gharama hiyo ya maingiliano ikashushwa hatua kwa hatua: 15.60 mwaka 2018, 5.20 mwaka 2020, 2.60 mwaka 2021. Tabia ya kubeba laini tatu ilizaliwa enzi zile. Leo kabla ya kujigawa vipande, jumlisha bando ndogo za laini zote tatu, kisha linganisha na bando moja la mitandao yote. Na unapogawa hela yako sehemu tatu, mifumo yote mitatu inakuona mteja mdogo.

"Nikihama nitapoteza namba"

Kuhama mtandao bila kubadili namba kulianza Tanzania Machi 2017, na hadi leo kuna watu wanaobaki mahali kwa sababu tu namba yao iko kwenye mabango ya duka. Unakwenda duka la mtandao unaohamia ukiwa na namba ya NIDA na laini yenyewe, iliyosajiliwa kwa jina lako. Unatuma neno HAMA kwenda 15080 kutoka kwenye laini hiyo, unathibitisha, unapewa laini mpya, na ya zamani inazimika mabadiliko yakikamilika. Ukishahama, huruhusiwi kuhama tena hadi zipite siku 30.

Maombi hukwama kwa sababu zinazojulikana. Deni la salio la kukopa halijalipwa. Laini imesajiliwa kwa kidole cha shemeji aliyekusaidia zamani. Laini imefungiwa. Maliza hayo kabla ya kupanga foleni. Toa pia hela zote kwenye akaunti ya pesa ya simu, lipa mikopo yake, tumia bando na salio lililobaki, maana haviendi na namba. Kisha waambie wanaokutumia hela: tarakimu za mwanzo za namba yako hazionyeshi tena mtandao uliopo, na anayetuma akichagua mtandao wa zamani muamala utagoma.

Kabla ya yote hayo, jaribu mawimbi. Azima laini ya mtandao unaotaka, iweke sehemu ya pili ya simu, piga na fungua video ukiwa nyumbani saa 2 usiku ambapo kila mtu yuko mtandaoni, kazini mchana, na kijijini unakokwenda mwisho wa mwezi, iwe Haneti, Mvumi au Bahi. Usitegemee sifa za miaka mitano iliyopita. Mei 2023 ilisainiwa Dodoma mikataba ya kujenga minara 758 kwenye kata 713 nchini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kwa hiyo penye kilima cha kupandia kutafuta mtandao jana, leo huenda pana mnara.

"Laini za bili za ofisi bei yake imeshapangwa"

Kwa laini za kulipia mwisho wa mwezi na intaneti ya ofisini, kujadiliana kwa mdomo kunawezekana kabisa, na ndiko kunakosahaulika. Shule binafsi, zahanati, SACCOS, kiwanda kidogo cha kukamua alizeti: ukiwa na laini kuanzia kumi hivi, uliza afisa mauzo wa wateja wa biashara, usiishie kwa dada wa kaunta.

Nenda na ankara za miezi mitatu ya mwisho na uzipangie safu nne: laini, dakika zilizotumika, GB zilizotumika, kiasi kilicholipwa. Karibu kila mara utakuta laini ya mtu aliyeacha kazi bado inalipiwa, na nyingine yenye kifurushi kikubwa inayotumika robo. Kwanza funga na punguza hizo. Kisha omba vitu vinavyotajika: wafanyakazi kupigiana bila malipo ndani ya kundi la ofisi, GB za pamoja badala ya kila laini na zake, na kikomo cha matumizi kwa kila laini ili mtu mmoja asipasue bajeti ya wote. Ofisi zikiomba "punguzo" bila kusema la nini, hupewa kalenda na fulana.

Anza mazungumzo mwezi mmoja au miwili kabla mkataba haujaisha. Soma kifungu cha kujihuisha, kwa sababu mikataba mingine ikipita tarehe bila barua yako huendelea kwa masharti yaleyale. Ukiwa na barua ya bei ya mshindani mkononi mazungumzo huwa mafupi. Kama ruta ilitolewa bure, uliza kwa maandishi: tukivunja mapema tunadaiwa kiasi gani, na kiasi hicho kinapungua kila mwezi au kinabaki palepale? Ahadi ya mdomo haihamishwi afisa anapohamishwa kituo.

"Simu ya mkopo ukishasaini umefungwa mpaka mwisho"

Zidisha kwanza. Kianzio 60,000 na 1,500 kila siku kwa siku 365 ni 607,500. Kama simu hiyo dukani inauzwa 350,000 taslimu, umekopeshwa kwa nyongeza ya 257,500. Hizi ni namba za mfano, weka za kwako.

Ukishakuwa ndani, bado kuna cha kuuliza. Nikimaliza mapema, deni linapungua au nalipa lote? Wapo wanaotoa nafuu kwa anayemaliza kabla ya muda, lakini hawakupigii simu kukueleza. Uliza pia simu ikiibiwa deni linakuwaje, siku ngapi za kuchelewa zinaifunga simu, na ukimaliza nani anaondoa programu ya kufungia. Usiondoke na jibu la "itajifungua yenyewe". Dai ujumbe au barua ya kumaliza deni, la sivyo ukiiuza simu, mnunuzi anaweza kukurudia ikiwa imefungwa. Mkopeshaji anapaswa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayosimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania. Omba kuiona leseni hiyo.

"Kijana wa mwamvuli atanibadilishia laini, ni walewale"

Wengi wa mawakala wa mtaani ni waaminifu, lakini kosa moja hurudiwa mno. "Weka tena kidole, haijasoma." Mara ya pili inaweza kuwa inasajili laini nyingine kwa NIDA yako. Ukiambiwa hivyo, omba uone skrini kwanza. Ukiondoka pale, piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa jina lako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chako ikafutwe siku hiyohiyo, kabla haijatumika kumtumia mtu ujumbe wa kitapeli, ule wa "tuma kwenye namba hii".