Mkondo wa Nungwi hauna chunusi

Tangu zamani watu wengi wa pwani wamekuwa wakisema kwamba bahari kati ya Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, na Pemba ina chunusi, yaani jini wa majini, anayevuta vyombo chini. Hofu hiyo ina sababu, kwa kuwa maji yale ni ya hatari kweli, lakini chanzo chake kiko kwenye umbo la sakafu ya bahari na mwendo wa maji.

Unguja imekaa juu ya mwamba uleule wa bara: miaka 20,000 hivi iliyopita, bahari ilipokuwa chini kwa takriban mita 120, mtu angeweza kuvuka kwa miguu. Pemba ni habari nyingine kabisa. Ilitengwa na nyufa kubwa za ardhi mamilioni ya miaka iliyopita, na mkondo unaoitenga na bara una kina cha mita 800 hivi.

Maji yanayokwenda kaskazini mwaka mzima kando ya pwani yetu hupita hapo kwa nguvu, hasa wakati wa kusi. Kaskazi inapovuma, upepo hukutana uso kwa uso na maji hayo yaendayo kaskazini, na mawimbi huwa mafupi, yaliyosimama kama ukuta, yakifuatana kabla chombo hakijainua omo yake, yaani sehemu yake ya mbele.

Meli ya MV Spice Islander I ilizama huko usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikiwa imejaza abiria kupita kiasi. Kumtaja chunusi katika msiba ule ni kuwaondolea lawama waliouruhusu mzigo huo.