Jengo Jipya Katikati ya Kampala: Nyundo Inasumbua, Lakini Itazame Pampu

Kila ploti ya katikati ya Kampala inapozungushiwa mabati na katapila likaanza kuchimba, malalamiko ya majirani hufuata mpangilio ule ule. Kwanza huja kelele, kisha vumbi jekundu linaloharibu vitambaa na viatu vilivyotundikwa mbele ya duka, kisha njia ya waenda kwa miguu iliyomezwa na uzio. Mwishoni kabisa, pengine baada ya miezi kadhaa, mtu mmoja hutaja kama jambo la kupita tu kwamba mlango wa stoo yake siku hizi haufungiki vizuri. Mimi ni mhandisi wa udongo na misingi, na kazi hii imenizoesha kuusoma mpangilio huo kuanzia mwisho: habari za mlango ule ndizo ningeziuliza kwanza.

“Injinia, ile mashine ikianza kugonga, glasi zinacheza kabatini,” aliniambia mama mmoja anayeuza vyombo katika akedi, yaani jengo la maduka, iliyopakana na shimo la namna hiyo. “Hili jengo litatuangukia.” Habari ya glasi niliikubali bila ubishi, kwa sababu mwili wa binadamu huhisi mitetemo midogo mno. Viwango vya Uingereza, ambavyo vimetumika sana katika uhandisi wa Uganda, vinaeleza kwamba mtu aliye nyumbani huweza kuhisi mtetemo wenye kasi ya takriban milimita 0.3 kwa sekunde, na ukifika milimita 1 kwa sekunde malalamiko yanatarajiwa. Lakini nyufa ndogo za plasta katika nyumba ya kawaida hazitarajiwi kabla mtetemo haujafika karibu milimita 15 kwa sekunde, na jengo la fremu ya zege huvumilia zaidi ya hapo. Kwa hiyo mama yule alikuwa na haki ya kukasirika, ila hatari aliyoiogopa haikuwa ikitoka kwenye nyundo.

Hutoka kwenye shimo lenyewe. Udongo uliokuwa ukiegemewa na udongo wa jirani unapoondolewa, ule uliobaki husogea kidogo kuelekea penye nafasi, hata kama ukuta wa kuuzuia umejengwa vizuri, na uso wa ardhi nyuma ya ukuta huo hushuka. Athari hiyo inaweza kufika umbali wa mara 2 ya kina cha shimo, na katika udongo laini huenda mbali zaidi, maana yake shimo la mita 9 linaweza kuyagusa majengo yaliyo umbali wa mita 18 ambayo wenyewe wanadhani hayahusiki. Ukuta wa matofali huanza kupasuka pale tofauti ya kushuka baina ya ncha zake mbili inapokaribia sehemu 1 ya 300 ya urefu wake. Katika chumba cha mita 6, hizo ni milimita 20 tu. Mengi ya maduka ya zamani katikati ya mji, yale yaliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi kabla ya 1972, ni ya matofali yenye misingi mifupi, wala hayakuwahi kukusudiwa kukaa kando ya maegesho ya orofa tatu chini ya ardhi.

Maji ndiyo yanayonikosesha usingizi zaidi. Katika udongo uliojaa maji, maji hayo hubeba sehemu ya uzito wa kila kilicho juu. Mkandarasi anapoyavuta kwa pampu usiku na mchana ili shimo lake likauke, uzito wote huhamia kwenye chembe za udongo, nazo hubanana na ardhi ikashuka kimyakimya, pasipo mtetemo wowote wa kumshtua mtu. Pampu ikitoa maji yaliyo safi, hali inaweza kudhibitiwa kwa kuchunguza kiasi maji ya ardhini yanavyoshuka. Ikitoa maji ya tope siku baada ya siku, basi udongo wenyewe unahamishwa kutoka chini ya mtu fulani, na mtu huyo yumkini ni wewe. Jirani yeyote anaweza kuliona bomba linalomwaga maji mtaroni bila kuomba ruhusa ya kuingia ndani ya uzio, na ningependa watu waliangalie bomba hilo kwa makini ile ile wanayoitumia kulaani kelele.

Mahali shimo lilipo hubadilisha hesabu yote. Sehemu za juu za vilima vya Kampala zina changarawe nyekundu ngumu, lakini ukishuka kutoka Kampala Road kuelekea Old Taxi Park, soko la Owino na bonde la Nakivubo, unakuta udongo laini wa mfinyanzi na maji yaliyo karibu sana na uso wa ardhi. Hilo halina maana kwamba mlimani ni salama. Mwaka 2008 udongo uliporomoka na kuua wafanyakazi katika ujenzi wa Pension Towers pale Lumumba Avenue, na hapo ni kwenye mteremko wa kilima cha Nakasero, si bondeni.

Vumbi ni suala la hesabu ya malori. Chukua shimo la mita 30 kwa 40 lenye kina cha mita 9: ni mita za ujazo 10,800, na udongo ukichimbuliwa huvimba, tuseme kwa robo, ukawa 13,500. Kwa tipa la mita za ujazo 15 hizo ni safari 900, kila moja ikitoka na matope kwenye matairi. Kuosha matairi langoni na kufunika mzigo kwa turubai hakugharimu mengi ukilinganisha na jengo lenyewe, na mkandarasi asiyefanya hivyo ni mzembe tu. Mvua za Machi hadi Mei, au za Septemba hadi Novemba, zikikuta matope hayo barabarani, hushuka nayo mitaroni hadi mfereji wa Nakivubo, zikaujaza na kuongeza mafuriko kwa wafanyabiashara wa bondeni. Mfereji huo humwaga kwenye ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria, na Ggaba, inakochotwa sehemu kubwa ya maji ya bomba ya mji huu, iko kwenye ghuba hiyo hiyo.

Kuhusu kelele za usiku, huwa natofautisha. Zege lililochanganywa kiwandani kwa kawaida linapaswa kumwagwa ndani ya takriban saa moja na nusu, na foleni za mchana za Kampala hazitoi nafasi hiyo. Tena sakafu kubwa ikikatizwa katikati, zege la jana halishikani vizuri na la leo. Usiku wa kumwaga zege ninautetea, mradi majirani wameambiwa mapema. Kupasua mawe au kukata vyuma saa sita za usiku hakuna sababu ya kihandisi, na kanuni za taifa za viwango vya kelele zinampa jirani mahali pa kuanzia.

Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inataka kibali kabla ya ujenzi, na kwa Kampala malalamiko hupelekwa KCCA, mamlaka ya jiji. Hata hivyo lalamiko lisilo na ushahidi wa hali ilivyokuwa mwanzoni huishia kwenye mabishano, kwa kuwa mkandarasi atasema nyufa zilikuwapo tangu zamani, na mara nyingine atakuwa anasema kweli. Uzio ukisimamishwa tu, kabla ya kijiko cha kwanza cha katapila, piga picha za kila ukuta, sakafu na fremu za milango, zenye tarehe, na umwombe mkandarasi azitie sahihi. Ufa ukitokea, chora mstari wa penseli kuukata, andika tarehe, na upime upana wake kwa rula kila wiki mahali pale pale. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha, mpana upande mmoja kuliko mwingine, unahitaji mhandisi mapema. Nyufa za plasta nyembamba kama nywele zilizotapakaa ukutani kwa kawaida hazihitaji.

Usikubali ufa uzibwe na kupakwa rangi ungali unapanuka. Wala vipimo visikomeshwe siku mabati yanapoondolewa: kwa duka lililo bondeni ningeendelea kupima hadi msimu mmoja mzima wa mvua upite baada ya pampu kuzimwa, kwa sababu maji ya ardhini yanapopanda tena udongo husogea kidogo mara ya pili.