Alama na kadi ya maoni: jaji wa barbekyu anapima nini?

Saa sita mchana boksi la kwanza linafika mezani. Majaji sita wamekaa kimya, kila mmoja ana maji yake, biskuti kavu za kusafishia ulimi na karatasi iliyochorwa miraba ya kuwekea vipande vya nyama. Mkuu wa meza anafunua kifuniko na kulipitisha boksi mbele ya macho ya kila jaji. Hakuna aliyeonja bado, lakini alama ya kwanza inaandikwa hapo hapo.

Hivyo ndivyo hukumu inavyoanza kwenye mashindano ya barbekyu ya Kansas City Barbeque Society, au KCBS, chama kilichoanzishwa mwaka 1985 mjini Kansas City, Marekani. Barbekyu ya huko si nyama choma yetu. Sisi tunamweka mbuzi juu ya makaa, tunageuza, tunakata, tunakula na kachumbari. Wao huitenga nyama na moto ndani ya jiko lililofunikwa, ikaiva taratibu kwa joto la hewa na moshi wa kuni. Kidari cha ng'ombe huweza kukaa humo saa kumi na mbili. Nyama zinazoshindaniwa ni nne: kuku, mbavu za nguruwe, bega la nguruwe na kidari cha ng'ombe. Kwa kawaida hupelekwa kwa zamu hiyo, kila baada ya nusu saa, na kila zamu ina dakika tano kabla na dakika tano baada ya saa iliyopangwa. Anayechelewa hapo amekesha bure.

Alama hushuka kutoka 9 hadi 2. Tisa ni bora kabisa, sita ni nyama ya kawaida, mbili ni nyama isiyolika. Moja haina uhusiano na ladha: ni adhabu ya kuvunja kanuni. Kwa mfano, boksi linaruhusiwa kupambwa kwa letusi ya kijani au kotimiri, lakini letusi yenye ncha nyekundu hairuhusiwi, na foili ikikutwa ndani ni kosa pia.

Kila nyama hupimwa kwa vigezo vitatu: mwonekano, ladha na ulaini. Mtu anayeona karatasi ya matokeo kwa mara ya kwanza hudhani namba hizo hujumlishwa tu. Sivyo. Mwonekano huzidishwa kwa 0.5600, ladha kwa 2.2972, ulaini kwa 1.1428. Kwa hiyo ladha peke yake imebeba zaidi ya nusu ya mzigo. Chukua jaji aliyetoa 9 kwa mwonekano, 8 kwa ladha na 7 kwa ulaini: timu inapata 31.4172. Mbadilishie namba mbili za mwanzo, mwonekano upate 8 na ladha 9, na timu inapata 33.1544. Namba ni zile zile, lakini tofauti ni karibu pointi mbili, na kwenye mashindano haya washindi hutenganishwa na sehemu za pointi.

Jaji mmoja hawezi kutoa zaidi ya 36. Kati ya majaji sita wa meza, yule aliyetoa jumla ya chini kabisa huondolewa kwenye hesabu, hivyo nyama moja ina kilele cha 180 na nyama zote nne 720. Naona kanuni hiyo ni ya busara. Ndimi hazifanani, na timu haifai kuangushwa na jaji mmoja ambaye pilipili kidogo inamwasha. Namba ya boksi nayo hubadilishwa kabla halijafika mezani, ili jaji asijue anakula mkono wa nani, na ni marufuku majaji kushauriana wakiwa wanapima. Hata kulinganisha boksi hili na lile hakuruhusiwi. Kila nyama husimama peke yake.

Ulaini ndio kigezo kinachoeleweka vibaya kuliko vyote. Mlaji wa kawaida husifia ubavu ambao nyama yake inadondoka yenyewe ukiushika. Kwa jaji aliyefunzwa, huo umeiva kupita kiasi. Ubavu mzuri ukiung'ata, nyama inatoka pale tu meno yalipopita, inabaki alama ya mng'ato iliyo safi kama mwezi mchanga, na sehemu ya mfupa iliyobaki wazi inakauka na kuwa nyeupe baada ya muda mfupi. Kidari nacho kina kipimo chake. Jaji hukishika kipande kwa vidole, kwani mezani hakuna uma wala kisu, akakiinua. Kipande kinapaswa kubeba uzito wake bila kukatika, kisha kiachie kikivutwa taratibu. Kikivutika kama mpira, kimewahi kutolewa jikoni. Kikimeguka kabla ya kuvutwa, kimepitiliza. Ile duara ya waridi inayoonekana pembeni mwa nyama, ambayo wapishi wengi hujivunia, haitakiwi kumwongezea mtu alama wala kumpunguzia, kwa sababu hutokana na gesi za moshi kukutana na rangi nyekundu ya asili iliyomo kwenye misuli ya nyama, na haisemi lolote kuhusu ladha.

Sasa fikiria timu inapokea karatasi yake jioni na kukuta imepewa 6 kwa ulaini. Sita kwa sababu gani? Nyama ilikuwa ngumu au ilikuwa laini mno? Dawa za makosa hayo mawili zinapingana: moja inataka muda zaidi jikoni, nyingine inataka muda upungue. Namba haitofautishi. Ndiyo maana kuna kadi ya maoni, karatasi ndogo ambayo jaji huandika sababu ya alama yake, hasa ikiwa ya chini, na timu huipokea baada ya mashindano.

Kwangu mimi, kadi hiyo ni haki ya mpishi aliyelala kwenye kiti kando ya jiko usiku kucha. Lakini si kila maandishi yana faida. "Haikunivutia" haimfundishi mtu. "Mimi ningeongeza sukari" ni mbaya zaidi, maana jaji ameacha kupima nyama iliyo mbele yake na kuanza kupika ya kwake kichwani. Maoni yanayofaa hutaja kilichoonekana, kilichoonjwa au kilichoguswa: "chumvi imezidi nje, ndani hakuna", "ngozi ya kuku ilitoka yote kwenye mng'ato wa kwanza", "moshi umeacha uchungu ulimini." Maneno machache hivyo yanamwonyesha mpishi pa kushika.

Majaji wawili wa meza moja wanaweza kuandika mambo yanayopingana, mmoja akalalamikia utamu uliozidi na mwenzake akausifu. Hapo mpishi asikimbilie kubadilisha viungo. Kadi moja ni ulimi wa mtu mmoja. Kadi tatu zikisema jambo lile lile, hilo ni la nyama.

Na kadi husomwa pamoja na namba. Tuseme kidari kimepata 9 kwa ladha na 6 kwa ulaini, na kadi inasema: "kipande kilimeguka kabla sijakivuta." Viungo viko sawa, visiguswe. Pointi 3.4284 kutoka kwa jaji huyo zimepotelea kwenye saa ya mwisho jikoni, na wiki ijayo kidari kitoke mapema.